Papa Zéphyrin na Sufuria za Watu

Ukiingia Kashebere kutoka upande wa Masisi, duka lenye mlango wa buluu, mkono wa kulia, ni la Papa Zéphyrin, na kitu cha kwanza kukupokea humo ni tumbo lake. Linatangulia kufika mezani, linatangulia kukusalimu, na Jumapili linatangulia kufika mbele ya padri. Mwenyewe hufuata nyuma yake polepole, na kofia yake ya sufu ambayo haivui hata jua likiwaka namna gani.

Alitoka Butembo miaka ishirini na miwili iliyopita na magunia mawili ya chumvi, akisema atakaa wiki moja. Leo anauza chumvi, sabuni, betri, sahani za bati na samaki wadogo wakavu ambao huku tunawaita fretini. Maharagwe na jibini vinamshukia kutoka Masisi, mafuta ya mawese yanampandia kutoka Walikale, naye amekaa katikati na kupokea pande zote mbili. Ana kipaji kimoja ambacho hata wanaomsema vibaya wanakikubali: akiligonga gunia kwa kidole cha mguu, anakwambia kama chini yake kuna mawe. Kipaji hicho njo kilichomponza, kwa sababu mtu anayeyajua magunia hujidanganya upesi kwamba anawajua na watu.

Sasa Papa Zéphyrin ni prezida wa Kapu. Kapu ni jambo la shirika lao, yaani zile nyumba thelathini na kitu za Wakatoliki majirani wanaosali pamoja kila Alhamisi. Tangu vita viliposukuma watu kutoka milima ya Masisi, na wengine wakafika Kashebere na jembe moja na watoto wanne, shirika lilikubaliana kwamba kila Jumapili mwenye chochote alete: kopo la maharagwe, viazi, unga wa muhogo, chupa ya mawese. Vitu vinakusanywa katika kapu kubwa la mianzi, kapu linamwagwa kwenye magunia, na magunia yanalala katika depo ya Papa Zéphyrin. Yakifika kumi, wanagawia nyumba kumi zenye njaa kuliko zote. Shida, kama unavyodhani, ilikuwa ni kujua zipi.

Mgao wa kwanza ulimwachia kidonda. Jamaa mmoja alipokea maharagwe ya Kapu siku ya Jumamosi akipangusa machozi, na Jumanne akayaleta dukani kuyauza. Papa Zéphyrin aliyatambua maharagwe hayo kabla gunia halijafunguliwa vizuri, maana alikuwa ameyatoa yeye mwenyewe. Siku tatu hakumsalimu mtu. Siku ya nne aliita komite nyuma ya duka. Komite ilikuwa na watu watatu: yeye prezida, Papa Polycarpe sekretere, ambaye ni mwalimu mstaafu mwenye mwandiko mzuri kupita tabia yake, na katekista mzee ambaye husinzia mkutano ukifunguliwa na kuamka kwa sala ya kufunga.

Papa Zéphyrin alieleza kanuni yake mpya. Machozi ya watu hayatazamwi tena, wala mashati yaliyochanika. Komite itapita nyumba kwa nyumba, saa sita ya mchana, bila kumwambia mtu, na itafunua sufuria. Sufuria ikiwa na chakula, jina linakatwa katika lisiti, yaani orodha ya nyumba za kupimwa. Sufuria ikiwa tupu na mafiga yakiwa baridi, jina linabaki. Alisema kwamba mtu anaweza kusema uongo, ila sufuria haina mdomo. Papa Polycarpe aliandika yote kwa wino wa buluu, akapiga mstari chini ya neno SIRI.

Na siri hiyo ilitunzwa vizuri sana. Papa Polycarpe hakumwambia mtu yeyote isipokuwa mdogo wake, shemeji yake, na jirani yake wa kushoto, na kila mmoja alimwapisha kwanza. Papa Zéphyrin naye hakumwambia mtu habari ya sufuria. Alimwambia tu mke wake, Mama Mbambu, kwamba Jumatano asimpikie cha mchana kwa sababu atakuwa anatembelea nyumba za wenye shida. Hilo si siri, alifikiri. Mwanamke lazima ajue kama apike au asipike.

Mama Mbambu ni mwembamba, mwepesi, na hapendi kurudia neno. Yeye njo mkubwa wa wamama wa shirika. Aliposikia kwamba prezida wa Kapu ataingia nyumba za watu saa ya chakula, hakuwaza njaa wala lisiti. Aliwaza jambo moja tu: wale wanawake watampa nini mgeni? Mtu mkubwa aingie nyumbani mwa mtu, akae, aondoke mdomo mkavu? Aibu hiyo ingempata mwenye nyumba mbele ya kijiji kizima, na mwenye nyumba angali analala chini ya turubai. Basi jioni ya Jumanne wamama walipita kwa njia za nyuma, chini ya vitenge vyao. Huyu alipeleka unga, huyu samaki, huyu kuku, huyu mchele wa kikombe kimoja na sahani nzuri ya kuuwekea. Hawakuwaambia waume wao, kwa sababu waume wangeomba maelezo.

Kwa hiyo asubuhi ya Jumatano Kashebere ilikuwa imejipanga hivi: wenye shibe walijua sufuria itafunuliwa, na wenye njaa walijua mgeni anakuja. Mtu pekee ambaye hakujua kitu ni yule aliyekuwa anakwenda kupima.

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya Mama Thacienne, aliyefika miezi mitatu iliyopita na mtoto mgongoni. Papa Zéphyrin alipiga hodi, akainama, akaingia, na kabla hajatafuta sufuria ilipo, sufuria ilikuja yenyewe: bugali moto, na fretini iliyopikwa na nyanya. Mama Thacienne alinawa, akamega, akaonja mbele yake, kisha akamsogezea.

Hapa inabidi mgeni wa nchi hii aelezwe jambo. Huku kwetu kukataa chakula cha mtu ni kumwambia usoni kwamba umemshuku, kwamba kuna kitu amekitia ndani. Ndiyo maana mwenye nyumba anaonja kwanza. Akishaonja, wewe kazi yako ni moja. Unaweza kuwa umetoka kula sasa hivi, unaweza kuwa na ugonjwa wa tumbo na barua ya daktari mfukoni, utakula, kwa sababu ukikataa, kesho watoto wa yule mama watakosa wa kucheza nao. Papa Zéphyrin, tusimsingizie, hakuwa mtu wa kusukumwa. Alikula yote. Halafu alijipangusa mdomo, akamtazama Papa Polycarpe, na Papa Polycarpe akakata jina la Mama Thacienne kwa mstari ulionyooka.

Nyumba ya pili ilikuwa na maharagwe na ndizi. Ya tatu ilikuwa na kuku. Alishangaa kidogo kumkuta kuku katika nyumba isiyo na mlango, ila kuku alikuwa laini, na mshangao ukapita. Katika nyumba ya nne alifungua kifungo cha suruali chini ya koti. Njiani alimwambia Papa Polycarpe kwamba wanaosema kuna njaa Kashebere wanapenda kulalamika tu. Papa Polycarpe akasema hata yeye amekuwa akijiuliza.

Nyumba ya tano ilikuwa ya Mama Nyirabagenzi. Huyu ni mjane wa miaka sitini na kitu, mtoto wa wakulima waliokaa kwenye kilima kimoja cha Masisi tangu babu wa babu. Aliteremka mwaka jana na wajukuu wanne na jembe, na kwa jembe hilo analimia watu siku nzima kwa ajili ya chakula cha jioni moja. Nyumba yake ni mbao tatu na turubai. Ndani mlikuwa na kigoda kimoja, na kigoda kilikuwa kimeshafutwa vumbi.

"Ikala, papa," alisema. "Mutu haezi kuongea na njaa."

Alionja, akamwekea mbele sahani iliyojaa hadi ukingoni: wali upande mmoja, na upande mwingine sombe, majani ya muhogo yaliyotwangwa na kupikwa na mawese na karanga hadi yanang'aa. Papa Zéphyrin alikuwa ameshiba tangu nyumba ya pili. Alipolionja sombe lile alisahau. Alikula akifumba macho. Kwenye nguzo ya mlango wajukuu wanne walikuwa wamesimama kwa mpangilio wa urefu, na vichwa vinne vilipanda na kushuka pamoja na kijiko. Aliona, akasema moyoni kwamba hawa ni watoto waliolelewa vizuri, hawasumbui mgeni.

"Na hawa batoto?" aliuliza, kwa heshima, mdomo ukiwa umejaa.

"Balisha kula," Mama Nyirabagenzi alisema.

Papa Zéphyrin akafurahi, akaendelea. Alibakiza kijiko kimoja katikati ya sahani, maana mtu mwenye adabu haikwangui sahani ya watu, kisha akatamka maneno ambayo mpaka leo anatamani yangekwama kooni.

"Mama, minakuambia kweli. Hii sombe iko tamu kupita ya bibi yangu."

Bibi, kwa lugha ya huku, ni mke. Mama Nyirabagenzi aliinamisha kichwa haraka, akashughulika na moto. Papa Polycarpe alikata jina. Mjane aliuona ule mstari ukipita katika daftari, na kwa kuwa hakujua kusoma, aliuliza alama ile ni ya nini. Papa Zéphyrin alimweleza kwa upole, mkono juu ya tumbo, kwamba Mungu amekwisha kumkumbuka yeye, na kwamba safari hii Kapu litawatazama wale ambao hali yao ni mbaya zaidi. Mama Nyirabagenzi aliutazama tena ule mstari. Kisha akasema hakuna ubaya. Jumatatu atapanda kwenye shamba lake la zamani kule mlimani, kuna mihogo aliyoiacha ardhini, ataichimba na kurudi.

Kila mtu wa Kashebere anajua shamba lile liko wapi na ni nani wanaolizunguka siku hizi na bunduki zao. Mwezi uliopita wanawake wawili walipanda upande huo kuchimba viazi vyao wenyewe, na mpaka leo vikapu vyao havijarudi. Papa Zéphyrin alijua hayo vizuri kuliko wengi, kwa sababu habari zote hupita dukani kwake. Ila saa ile alikuwa anasikiliza tumbo, na tumbo lilikuwa linasema kwa sauti kubwa. "Vizuri, mama, vizuri," alijibu, akaomba mkono wa kumsaidia kuinuka.

Zikafuata nyumba tano nyingine zenye chakula, kisha zile za upande wa juu, na hapo, Mungu mkubwa, mambo yakageuka. Kwa mdogo wake Papa Polycarpe sufuria ilikuwa imefunikwa kifudifudi na mafiga yalikuwa baridi kama kaburi. Kwa shemeji vilevile. Kwa jirani wa kushoto watu walikuwa wamelala mkekani saa tisa mchana, wakikohoa kwa zamu. Hata kwa Papa Polycarpe mwenyewe, ambaye jina lake lilikuwa la kwanza katika lisiti kwa sababu alisema haki ianzie nyumbani, majivu yalikuwa yamefagiwa safi. Nyuma ya nyumba mbuzi alilia. Papa Polycarpe alisema ni wa watu. Akalia wa pili, na Papa Polycarpe akasema hata huyo.

Siku nyingine Papa Zéphyrin angegonga mahali kwa kidole cha mguu, akasikia mawe. Siku hiyo alikuwa mtu aliyekula milo kumi, na kila alipoingia nyumba isiyo na chakula alihisi ameingia peponi. Aliwapenda watu wale. Aliwapa pole ndefu, ameegemea ukuta, kwa shukrani ya kweli. Majina yao yakabaki yote. Ilipofika saa kumi lisiti ilikuwa na nyumba kumi kamili, na prezida wa Kapu akaenda nyumbani kwa mwendo wa mwanamke wa mwezi wa tisa.

Alhamisi hakuamka. Ijumaa alikunywa chai ya ndimu. Mama Mbambu hakumpa pole hata ya nusu, tena kila alipopita mlangoni alimtupia jicho ambalo mume wa miaka mingi hulitambua, ila sababu yake hakuijua. Alifikiri ni kwa ajili ya ndimu, ambazo zilikuwa za kuuza.

Jumamosi asubuhi magunia kumi yalitolewa uani, mbele ya mlango wa buluu. Shirika zima lilikuja kutazama, maana kugawa ni sherehe hata kwa asiyepokea. Waliotajwa katika lisiti walikuwa wamejipanga kwa mstari, na Papa Zéphyrin alipouangalia ule mstari kuna kitu kilimkera ambacho hakukipata jina. Shingo zilikuwa nene. Viatu vilikuwa na rangi. Mdogo wake Papa Polycarpe alikuwa amekuja na pikipiki ya kubebea gunia, akaiacha nyuma ya mti ili isimwaibishe. Wenye majina yaliyokatwa walisimama mbali, upande wa barabara, wakitazama.

Papa Polycarpe alikohoa, akafungua daftari, na kwa sauti ya mwalimu akajisoma yeye mwenyewe.

Ni wakati huo Mama Nyirabagenzi alipoingia uani kwa mlango wa pembeni. Hakuja kuomba. Hakuangalia hata magunia. Alikuwa amebeba sahani kwa mikono miwili, anaipeleka kwa Mama Mbambu, mwenye sahani yake. Na kwa kuwa huku hakuna mtu anayerudisha sahani ya watu ikiwa tupu, hata awe nani, alikuwa ameweka juu yake majani ya lengalenga, mchicha wa huku, aliyoyachuma kando ya barabara, yamefungwa vizuri kwa uzi wa mgomba.

Mama Mbambu alipokea kwa mikono miwili, akayatoa majani kwa uangalifu kana kwamba amepewa nyama, na sahani ikabaki wazi. Ilikuwa ya bati, nyeupe, na katikati yake jogoo mwekundu. Sahani za jogoo Papa Zéphyrin anaziuza kwa dazani. Ila jogoo huyu alikuwa amemeguka chini ya mdomo, pale alipomwangusha yeye mwenyewe mwaka wa ndoa yao, na kwenye sahani hiyo amekula karibu kila siku ya maisha yake ya Kashebere. Jumatano mdomo wa jogoo ulikuwa umefunikwa na kile kijiko kimoja cha sombe alichokibakiza kwa adabu.

Alisimama. Akashuka ngazi moja.

"Mama Nyirabagenzi, hii sahani iko ya nani?"

"Ya Mama Mbambu, papa. Aliniazima juu ulikuwa unakuja."

"Na muchele?"

Mjane akamtazama Mama Mbambu. Mama Mbambu akaifuta sahani kwa kitenge bila haraka.

"Muchele yangu," alisema. "Na sombe njo ile yangu. Ile yenye ulisema iko tamu kupita ya bibi yako."

Mama mmoja aliziba mdomo kwa mkono, halafu wa pili, na mabega ya wamama wote yakaanza kutikisika. Papa Zéphyrin alitafuta mahali pa kukaa, akakalia gunia la Papa Polycarpe.

Angeweza kucheka nao, mambo yakaisha hapo. Prezida wengi niliowaona mimi wangefanya hivyo: lisiti imeshaandikwa, wino umekauka, tutarekebisha mwezi ujao. Na yeye, nisimfiche, aliwaza hivyo kwa muda wa kupumua mara mbili. Ila pamoja na sombe lile, maneno mengine ya Jumatano yalimrudia, yale aliyoyajibu vizuri, mama, vizuri. Jumatatu. Mihogo. Ile barabara ya kupanda. Vichwa vinne kwenye nguzo vikipanda na kushuka na kijiko chake. Uso wake ukabadilika rangi, na wamama wakaacha kucheka.

Alinyoosha mkono, akaomba daftari. Papa Polycarpe alisema linaendelea vizuri, asijisumbue. Akalivuta. Akaanza kusoma, si majina yaliyobaki bali yale yaliyokatwa, na baada ya kila jina alitaja alichokula hapo, maana chakula Papa Zéphyrin hakisahau.

"Kwa Mama Thacienne, nilikula bugali na fretini."

"Fretini ilikuwa yangu," sauti moja ya mama ikasema kutoka nyuma.

"Na bunga yangu," ikasema nyingine.

"Nyumba ya pili. Maharagi na ndizi."

"Maharagi ilitoka kwangu. Ndizi sijue."

"Ndizi njo mimi."

Alipofika kwenye kuku, katekista mzee aliamka na kusema kuku alikuwa wake, alikuwa akimtafuta tangu Jumanne, na mke wake akamwambia alale. Hivyo hivyo nyumba zikapita, mlo baada ya mlo, na kila mlo ukapata mwenyewe miongoni mwa wamama wa shirika, hata chumvi ikapata mwenyewe. Hakuna kitu alichokula Jumatano nzima ambacho kilikuwa cha nyumba alimokilia, isipokuwa katika nyumba ya saba, ambako walimpa mbegu za maharagwe zilizokuwa zimewekwa za kupanda. Mwenye nyumba hiyo hakuwa na jirani wa kumwazima. Papa Zéphyrin alipolisikia hilo alivua kofia yake ya sufu, na ndipo watu wengi wa Kashebere walipojua kwamba ana upara.

"Munisikilize," alisema. "Hawa bamama balikuwa na njaa, banapikia mugeni. Mugeni njo mimi. Nilikula chakula yao, nikasema banashiba. Kama kuko mutu wa kukata mu hii lisiti, munikate miye."

Hakuwageukia wale wa mstari. Hakuwataja. Hata hivyo mstari ulianza kuyeyuka wenyewe. Shemeji alikumbuka kwamba mtoto wake ana homa. Jirani wa kushoto alisema yeye alikuwa anapita tu, na kweli akapita. Pikipiki iliwaka nyuma ya mti. Papa Polycarpe ndiye aliyebaki wa mwisho, kalamu ya biki mkononi, akitafuta namna ya kuondoka kwa heshima, na kwa bahati mbaya akaipata.

"Mutaniwia radhi," alisema. "Niliacha kitu ku moto."

Wamama walimwacha afike barabarani kwanza. Halafu walicheka mpaka mama mmoja akalazimika kukaa chini, na mimi niliyekuwa nimekuja kununua chumvi nilisahau chumvi.

Magunia yaligawiwa kwa waliokatwa. Mama Thacienne alipokea, wa mbegu akapokea na makopo matatu ya kupanda juu yake, na gunia la Mama Nyirabagenzi Papa Zéphyrin hakutaka mtu alibebe. Alilitia begani mwenyewe. Watu walitoka milangoni kumtazama tajiri wa mlango wa buluu akipanda njia ya matope na gunia, anahema, kofia mfukoni, na mjane nyuma yake akimwambia kila hatua atue apumzike.

Alilitua kwenye mlango wa turubai. Alisema sasa hakuna haja ya kupanda mlimani Jumatatu, maharagwe haya yatafika hadi mavuno. Mama Nyirabagenzi aliligusa gunia kwa kiganja, akakiacha kiganja hapo kwa muda. Kisha akafuta vumbi kwenye kigoda.

"Ikala, papa. Nikupikie kidogo."

Papa Zéphyrin alihisi jasho la pili linamtoka. Gunia halijafunguliwa hata saa moja, na kijiko cha kwanza kinataka kuingia kwake tena. Na hawezi kukataa. Akikataa leo, mbele ya majirani wote waliomfuata kwa macho, watasema tajiri ameogopa sumu ya mjane. Alikaa. Moto uliwashwa, maharagwe yalipikwa kwa muda mrefu, unga ukasongwa. Mama Nyirabagenzi alionja, akamwekea mbele, na kwenye nguzo ya mlango vichwa vinne vikajipanga.

"Na hawa?" aliuliza.

"Balisha kula, papa."

Alinawa mikono. Akamega tonge moja, dogo. Halafu akawaita watoto kwa majina, akisema yeye ni mtu wa Butembo, na kwao mwanaume akila peke yake mvua inamnyeshea ndani ya nyumba. Uongo mtupu. Mama Nyirabagenzi alifungua mdomo kupinga, akaona uso wake, akaufunga. Watoto walikaa kuizunguka sahani, na Papa Zéphyrin, tonge likiwa bado mkononi, akaanza kuwasimulia jinsi alivyosafiri na magunia mawili ya chumvi: lori lilivyokwama, chumvi ilivyonyeshewa, ng'ombe alivyoilamba nusu yake. Hadithi hiyo kwa kawaida huisha kwa dakika tano. Siku hiyo ilikuwa na malori matatu na ng'ombe wengi sana. Kila alipokaribia kulitia tonge mdomoni alikumbuka jambo, akalishusha. Ng'ombe wa mwisho aliposhiba chumvi, sahani ilikuwa nyeupe, na mtoto mdogo alikuwa amelala na kidole mdomoni. Hapo akala lile tonge, lililokwisha kupoa, akashukuru, akaaga.

Alifika nyumbani jua linaelekea milimani, tumbo linamlilia, maana tangu chai ya asubuhi alikuwa hajaweka kitu cha maana. Mama Mbambu alikuwa anaivua sufuria motoni. Harufu ilikuwa ya sombe. Papa Zéphyrin alikaa mbali kidogo, akaona haya kunyoosha mkono.

"Ulisha kula kule?" Mama Mbambu aliuliza.

"Nilisha kula," alisema.

Mama Mbambu hakuuliza mara ya pili. Jibu hilo alikuwa amelisikia katika nyumba nyingi za Kashebere, na alijua siku nyingi linavyojibiwa. Aliichukua sahani ya jogoo, akapakua, akaonja kijiko kimoja mbele yake, akamsogezea.